Kadi ya Chanja

Katuba, Lubumbashi, tarehe 4 Machi 2024

Kambo wangu mpenzi,

Jambo sana, na jambo la pekee kwa ule mguu wako wa kushoto ambao Mama anauulizia kuliko anavyokuulizia wewe. Unaendeleaje? Hapa Katuba tuko wazima, Mungu asifiwe. Baba anakohoa kidogo, lakini bado ana nguvu za kulalamika kwa Chiluba chake cha Kasai, kwa hiyo hatuna wasiwasi.

Kambo, nimepata kazi! Kazi ya kuchora, ile ile mliyosema hainipatii hata bukari ya kula. Ninafanya kwa bwana mmoja anaitwa Casimir, anayetembeza wageni mahali palipopiganwa vita vya zamani katika jimbo letu. Ameanzisha kadi ndogo, ukubwa wa karata. Mbele ni picha, nyuma ni habari ya vita vya mahali hapo. Haziuzwi. Unapewa kadi pale tu umesimama mahali penyewe kwa miguu yako. Anayekusanya seti nzima anapewa msalaba mdogo wa shaba, mfano wa ile misalaba iliyokuwa fedha ya wazee. Watu wamezipenda mno, wageni wa mbali na hata kwaya za kanisa. Mji wa Sakania umekwisha kupata kadi yake, na kuna jamaa wamepanda treni kwenda kuifuata tu.

Imebaki nafasi moja katika seti. Casimir anataka kuipa sehemu fulani iliyo karibu na mji, barabara nzuri. Mimi nikasema, kuna Kilima Ntulo kule Pweto. Akaniuliza, nani anazijua habari zake? Nikasema, kambo wangu. Basi niandikie. Kilima kisichoingia katika seti hakuna atakayekwenda kukiona, na ninyi wenye habari zake mnazidi kuzeeka, samahani kwa kusema hivyo. Nakitaka kilima chako kiingie kuliko ninavyoutaka mshahara.

Guelor wa lori la samaki atakungoja mpaka umalize kuandika.

Mjukuu wako,
Chancelvie


Pweto, tarehe 19 Machi 2024

Bibi yangu mdogo,

Salamu nyingi kutoka kwa mume wako mzee. Mguu unakusalimu pia. Nimekaa kwenye kiti changu barazani, kile nilichotoka nacho kazini reli, na Guelor amelala chini ya lori lake akisubiri. Sasa sikiliza.

Zamani za babu yangu, watu wenye bunduki walikuwa wakipita kando ya ziwa wakikamata watu. Alfajiri moja walikuja hapa kwetu. Sisi ukoo wa Uyoga tulikuwa juu ya Kilima Ntulo, na mishale yetu, na mawe makubwa tuliyoyapanga ukingoni. Walipopanda tuliyaachia mawe. Walipanda tena, tukayaachia tena. Mpaka jua linakaa juu ya kichwa, wameshakimbia na kuacha hata vyungu vyao.

Na ukoo wa Mvua je? Utauliza tu, kwa maana nao walikuwa wakikaa hapa. Hao walikuwa chini ya chanja za samaki! Walitambaa chini ya zile chanja za kukaushia samaki wa makobo, wakajilaza humo, wakatetemeka mpaka samaki waliokuwa juu wakaanza kucheza. Vita vilipokwisha, mmoja wao akatoa kichwa nje, ananuka moshi, akauliza, “Tumeshinda?”

Marehemu mke wangu Lydie, kambo wako wa kike, kila nilipofika hapo alinirushia mwiko. Alikuwa na shabaha nzuri.

Hiyo ndiyo habari. Chora vizuri.

Mume wako na kambo wako,
Ruphin


Katuba, tarehe 6 Mei 2024

Kambo wangu,

Habari za siku nyingi? Samaki mliotuma tuliwala na jirani zetu wote, kwa maana harufu iliwaita yenyewe. Mama anasema aksanti sana.

Kadi imetoka kwa mpiga chapa na Kilima Ntulo kimeingia katika seti! Casimir aliposoma barua yako alicheka mpaka akavua miwani. Nimekichora kilima na mawe yake, na kwa chini nimechora chanja ya samaki, na miguu ya watu wa Mvua inaonekana imetokeza nje. Nyuma nimeandika habari yako kama ulivyoisema, mpaka lile neno “Tumeshinda?” Usipocheka mwenyewe nitajua umezeeka kweli.

Nampa Guelor furushi lote. Wageni watakaofika watazipata kwako, wewe ndiwe mlinzi wa kadi wa Pweto. Nimemwambia pia agawe chache sokoni, ili watu wa huko wajivunie.

Mjukuu wako mwenye furaha,
Chancelvie


Katuba, tarehe 20 Juni 2024

Kambo,

Jambo sana. Uko mzima kweli? Nimengoja barua yako mpaka nimechoka. Guelor amerudi mara mbili mikono mitupu. Mara ya mwisho alisema, “Nilifika kwake. Muzee haiko. Hata kiti haiko.” Nikamuuliza maana yake nini, akainua mabega na kuendelea kushusha samaki.

Kambo, kiti chako hakijawahi kutoka barazani tangu nizaliwe. Simu yako inalia tu, haishikwi, na mtandao wenu wa huko unaujua mwenyewe. Mama ameanza kusali akiwa anapika. Kama unaumwa sema, tutakuja. Kama umenikasirikia sema pia, hilo nitalivumilia vizuri zaidi.

Mjukuu wako,
Chancelvie


Pweto, tarehe 2 Julai 2024

Bibi yangu mdogo,

Usilie, na mama yako apike kwa amani. Mimi ni mzima. Nilikuwa mfungwa.

Hujui kwamba Uyoga na Mvua ni watani? Ndivyo tulivyo tangu wazee wetu. Mtu wa Mvua akinikuta njiani ananiita bakuli la wadudu, nami namwita mwoga wa chanja, na hakuna wa kukasirika. Anayekasirika ndiye aliyeshindwa. Wakifiwa ni sisi tunaochimba kaburi na kuchekesha waliao, na tukifiwa ni wao. Nilikuandikia utani, mwanangu. Nilidhani utajua kuchambua. Nilisahau kwamba umekulia Katuba.

Basi Guelor aligawa kadi sokoni. Ya kwanza ikaangukia mikononi mwa Agnès Kapya, muuza samaki, kichwa cha watu wa Mvua hapa mjini. Akaisoma kwa sauti mbele ya soko zima. Halafu wakaja kwangu kundi kubwa, wanapiga masufuria, Agnès mbele yao akipaza sauti.

“Ruphin! Ni weye unatuandika mu makaratasi?”

“Ni mutoto wa Lubumbashi aliandika,” nikasema. “Mie niko muzee tu.”

“Batu ba Mvua balifichama, eh? Leo utaona fasi ya kufichama! Bebeni kiti! Kiti iko mufungwa!”

Walichukua kiti, kofia, jogoo, simu na kalamu yangu. Mimi mwenyewe wakanipeleka uani kwa Agnès nipare samaki. Ndivyo mila inavyosema, mtani akikushika hushtaki popote. Nilikwenda kila asubuhi nikapara samaki, na wao wakaniimbia. Nilicheka kama kijana. Kusema kweli, tangu Lydie anitoke sijacheka hivyo.

Lakini kuna jambo la pili. Wiki iliyopita walikuja wageni wawili kutoka kwenu na kadi yako mkononi. Walikuwa watu wa adabu. Wakamkuta Agnès kwenye chanja zake, wakaomba kumpiga picha, na mmoja akamuuliza pole pole kabisa, “Mama, ninyi ndio wale waliojificha wakati wengine wanapigana?” Hakuwa anatania. Hana ukoo hapa, atatania na nani? Alikuwa amesoma.

Agnès aliweka kisu chini, akaingia ndani, akafunga mlango. Nikabaki na samaki wangu mkononi, na nakwambia Chancelvie, niliona haya ambayo sijawahi kuiona. Siku ya pili alinirudishia kalamu. Kiti amekizuia. Anasema kitatoka siku mgeni akija na kadi yenye ukweli.

Sasa amesimama nyuma ya bega langu, anataka niandike neno lake. Anasema hivi: “Ambia uyu mutoto, ukoo inatoka kwa mama. Mama yake alizaliwa na nani? Na Lydie, dada yangu. Lydie alikuwa Mvua. Sasa mutoto iko nini?”

Ndiyo, bibi yangu. Miguu uliyoichora chini ya chanja ni miguu ya watu wako.

Kambo wako,
Ruphin


Katuba, tarehe 15 Julai 2024

Kambo,

Salamu kwako, na salamu kwa Kambo Agnès. Natumaini anakubali nimwite hivyo. Mwambie nimesoma barua yako nimekaa chini, na Mama alikuwa akicheka upande wa pili wa chumba. “Sikukuwambia weye ni Mvua?” akaniuliza. Hakuniambia! Maisha yangu yote nimekuwa mtoto wa Baba, Mkasai wa Katuba, basi.

Lakini Mama hakucheka nilipofika kwenye wale wageni wawili. Wala mimi. Nimejisikia vibaya sana, Kambo. Nilijua kuchora, nikadhani nimejua kila kitu.

Nilimwonyesha Casimir. Huyu ni mtu mwema, lakini kadi zake zinafundisha, na kadi inayofundisha uongo anaiogopa kama moto. Anazuia Kilima Ntulo tangu leo. Anasema mwisho wa Agosti atachapa seti upya, na asipokuwa na habari ya kweli mkononi, nafasi yetu itakwenda kule karibu na mji. Nimemwomba asubiri. Amesubiri, lakini ameshaanza kutafuta mchoro wa huko.

Basi nakuomba. Nisimulie tena, na safari hii bila utani. Je, walijificha au hawakujificha? Kambo Agnès atakuwa anajua pia, mkae wote wawili mniambie neno moja.

Mjukuu wenu,
Chancelvie


Pweto, tarehe 29 Julai 2024

Chancelvie, mjukuu wangu,

Hatujambo. Upepo wa ziwa ni mkali msimu huu, nimefunga mguu kwa kitambaa cha sufu.

Nimeianza barua hii na kuichana, kwa sababu kila nikianza, utani unatangulia. Nilipomwambia Agnès anisaidie, alisema, “Sema weye. Ni deni yako.” Kisha akaenda kuwapindua samaki wake, lakini hakwenda mbali.

Walijificha. Hiyo ni kweli.

Wanaume wa koo zote mbili walikuwa juu ya kilima. Mawe yaliachiwa na mikono ya Uyoga na ya Mvua pia. Lakini watoto hawakuwahi kupandishwa, kwa maana wale watu walifika mapema kuliko ilivyodhaniwa. Wanawake wa Mvua ndio waliokuwa wakikausha samaki ufukoni alfajiri ile. Waliwakusanya watoto wote, wao na wetu, wakawaingiza chini ya chanja, kando kando ya makaa, nao wakalala juu yao. Hawakuzima moto. Moto ungezimwa, wenye bunduki wangejua kuna watu walioshtuka. Moshi ukaendelea kupanda, na wale watu wakapita wakaona samaki wanaokauka tu, pwani isiyo na mtu, wakaenda kilimani.

Mafuta ya samaki yalikuwa yakidondoka ya moto. Mwanamke mmoja aliitwa Katongo. Alikuwa msichana bado. Mafuta yalimdondokea mgongoni mpaka vita vinakwisha, naye hakutoa sauti, kwa sababu chini yake alikuwa na mtoto wa kiume wa Uyoga, amemziba mdomo kwa kiganja. Mtoto yule ndiye babu yangu.

Katongo ni bibi yao Agnès na Lydie. Mimi nilimwona, nikiwa mdogo kama kikapu. Mgongo wake ulikuwa na makovu ya mviringo, mengi, kama mvua inapoanza kudondoka juu ya vumbi.

Na lile neno, “Tumeshinda?”, alilisema yeye kweli. Alitoa kichwa akauliza. Alikuwa hajaona kitu chochote, alikuwa amesikia tu. Nani asingeuliza?

Babu yangu alipokua, kila akikutana naye alimpigia kelele, “Mwoga, toka chini ya chanja!” Na yule mama alicheka, akampa samaki. Mtu hawezi kusema asante kila siku kwa uhai wake, mwanangu, angechoka, na mwenye kushukuriwa angechoka zaidi. Basi alimtania. Na sisi tumemtania baada yake, mpaka nimekuwa mzee na sijawahi kumwambia mtu wa Mvua asante hata mara moja. Wala Lydie, ambaye nilikula mezani kwake maisha yangu yote.

Weka hilo kwenye kadi. Damu ya Katongo ndiyo inayoshika kalamu yako, itajua la kufanya.

Kambo wako,
Ruphin


Katuba, tarehe 24 Septemba 2024

Kambo wangu, na Kambo Agnès,

Jambo sana kwenu wote. Joto limeanza hapa, jacaranda za mjini zimeangusha maua barabarani. Baba ameacha kukohoa, sasa analalamikia joto.

Casimir alisoma barua ile akiwa amesimama mlangoni. Hakuvua miwani safari hii. Alinipa barua mkononi akasema, “Chora leo.” Kilima Ntulo kimo katika seti, Kambo! Kimo! Nimechora chanja na moshi, na kilima nimekiweka kwa mbali, kidogo. Chini ya chanja unaona jicho moja tu. Nyuma nimeandika kama ulivyosema, na jina la Katongo lipo.

Sasa cheka. Kadi za zamani Casimir aliamuru zirudishwe zote. Hazirudi! Watu wamesikia kwamba zimekatazwa, basi wanazitafuta kama almasi. Hapa Katuba wanatoa kadi tatu za Sakania kwa moja ya Chanja. Shemasi wa kwaya ya Mama alipoombwa kuirudisha alisema ameipoteza, na ninajua imo ndani ya kitabu chake cha nyimbo.

Wageni wa kwanza watafika kwenu mwisho wa Oktoba na gari la Casimir. Mimi nilikuwa na nafasi yangu, lakini nimempa Mama. Hajaona kaburi la mama yake tangu walipomzika, nami nina michoro mingine inayonidai. Niliomba jambo moja tu kwa Casimir: siku hiyo kadi isomwe na wewe, Kambo, juu ya kilima, kwa sauti yako. Usikatae. Utaniandikia ilivyokuwa.

Mjukuu wenu wa Mvua,
Chancelvie


Pweto, tarehe 30 Oktoba 2024

Bibi yangu mdogo,

Salamu. Mama yako amefika salama, amekwishalia kaburini na amekwishagombana na mimi juu ya usafi wa nyumba, kwa hiyo yuko nyumbani kabisa. Atakusimulia yake. Haya ni yangu.

Tulipanda Ntulo asubuhi, wageni, watu wa Uyoga, watu wa Mvua, na mawingu mazito nyuma yetu. Kiti changu kilipanda juu ya kichwa cha Agnès. Alikataa kusaidiwa. Nikafikiri, sasa ananirudishia. Akakiweka juu ya mwamba, akakaa yeye.

Nikasoma nimesimama, na mguu wangu huu. Nilisoma vizuri mpaka nilipofika kwa Katongo. Nikaigeuza kadi nikamtazama Agnès. Nikamwambia, “Agnès, aksanti. Kwa babu yangu, na kwa miye, na kwa Lydie pia.” Hata wageni walielewa.

Agnès akanitazama mno. Kisha akasema, “Weye Ruphin, uko mugonjwa?”

Watu walicheka mpaka kilima kikaitikia. Naye alikuwa akicheka na machozi yanamtoka, anayafuta kwa kona ya kikwembe alichojifunga, na hakuinuka kwenye kiti.

Hapo ndipo mvua ilipotukuta. Mvua ya kwanza ya mwaka, bila kubisha hodi! Tulishuka mbio, kila mtu na mungu wake, na pale chini hapakuwa na nyumba, palikuwa na chanja za Agnès tu, amezifunika kwa bashi, turubai la lori, ili samaki wasilowe. Nani alikuwa na nafasi ya kufikiri? Wageni wakatambaa chini, mama yako akatambaa, nami nikatambaa na mguu wangu, nikalala kifudifudi kati ya mzungu mmoja na yule shemasi wa kwaya ya mama yako, aliyekuja na wageni. Ukoo mzima wa Uyoga ulikuwa chini ya chanja.

Agnès peke yake alibaki nje. Alisimama katika mvua yake na kiti changu juu ya kichwa, ameloa mpaka viatu, anapiga vigelegele. “Batu ba Uyoga! Tokeni basi!” Hakuna aliyetoka. Aliimba, akatuzunguka, akatuhesabu kwa miguu iliyotokeza nje. Mvua ilipopungua niliona ni zamu yangu. Nikatoa kichwa, ninanuka moshi, nikamuuliza:

“Tumeshinda?”

Akaketi chini kwenye matope kwa kucheka.

Kiti bado hajakirudisha. Anasema sasa kina fidia nyingine: anataka kadi moja ya zamani, ile mbaya, yenye miguu. Anasema ile mpya ni ya wageni, na hiyo ni ya kwetu. Mtafutie, bibi yangu, hata kama ni kwa Sakania tatu, uipe Guelor. Uyoga umeanza kuota nyuma ya nyumba, tutakutumia uliokauka.

Kambo wako, mwoga wa chanja,
Ruphin